Stakabadhi zinazopotea Arua: shajara ya kuandika upya msimbo wa sesheni

Juma la 1, Jumatatu usiku, Ntinda

Nimeanza. Miezi mitano kazi hii imekaa kwenye orodha yetu ya mambo ya kufanya, na kila mmoja wa sisi watatu tunaoitunza maktaba (msimbo wa PHP ambao wengine hujengea mifumo yao) akiiona anapita pembeni kama aliyemwona mdai wake. Faili lina mistari 214, halina jaribio hata moja, na maelezo ya juu kabisa yanasema "usiguse". Nani aliyeyaandika, historia ya mradi inaonyesha: ni mimi.

Kilichonisukuma ni ujumbe kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kuna dada huko anayetunza mfumo wa SACCO moja, na mfumo wake umejengwa juu ya maktaba yetu huria. Aliandika hivi: "Kaka, stakabadhi zinapotea. Naingiza akiba za watu kumi, nikifika mwisho nahesabu tisa. Siku nyingine nane. Wanachama wana karatasi mkononi, mimi kwenye kompyuta sina kitu." Nikamuuliza kama huenda anabonyeza mara mbili au anasahau kuhifadhi. Akanijibu kwa upole ambao sikustahili: "Kaka, mimi kazi hii nimeifanya miaka sita."

Kwa anayesoma shajara hii bila kuijua kazi yetu: mtandao wa wavuti hausahau tu, haukumbuki kabisa. Kila ombi linalofika kwenye seva ni mgeni mpya. Ili seva ikutambue, inakupa kidakuzi (cookie) chenye namba ndefu, na mzigo wako unabaki kwake. Ni kama pale stendi unapotuma kifurushi kwa basi: wewe unaondoka na kikaratasi chenye namba, kifurushi kinabaki kwa karani. Mzigo huo ndio sesheni. PHP, lugha ya programu tunayoitumia, kwa kawaida huuweka kwenye faili. Sisi tunauweka kwenye jedwali la hifadhidata ili seva mbili ziweze kuhudumia watu wale wale.

(Mwenzangu wa Mbale anataka tuite "kikao". Nimekataa. Mtaani kwetu kikao ni cha LC1, baraza la mtaa, na mwenyekiti hachelewi kuuliza ajenda.)

Mfumo wa Arua hukusanya stakabadhi za siku ndani ya sesheni, kama kapu, mpaka mweka hazina athibitishe ndipo ziingie daftari kuu. Mimi nisingejenga hivyo. Lakini aliyejenga hivyo hakukosea kutegemea kwamba anachokiweka kwenye kapu atakikuta.

Juma la 1, Jumatano

Leo nimesoma tu, sikuandika. Msimbo ni wa mtindo wa kabla ya PHP 5.4 ya mwaka 2012, ile iliyoleta SessionHandlerInterface, muundo rasmi wa msimbo wa kuhifadhi sesheni. Sehemu zake ni sita: kufungua, kusoma, kuandika, kufunga, kufuta, na kufagia zilizokwisha muda.

Sehemu ya kuandika ilinishtua. Inajaribu kwanza kubadilisha mstari uliopo. Hifadhidata ikisema mistari iliyoguswa ni sifuri, inaamini mstari haupo, basi inaingiza mpya. Kwa akili ya kawaida ni sawa. Kumbe MySQL, hifadhidata wanayotumia Arua, ikiulizwa ni mistari mingapi imeguswa, hujibu ile iliyobadilika kweli, si ile iliyopatikana. Ukiandika data ile ile ndani ya sekunde ile ile, jibu ni sifuri ingawa mstari upo. Msimbo unajaribu kuingiza mpya, unagonga ufunguo uliopo, kosa linatokea, na kosa hilo tulikuwa tumelimeza kimyakimya kwa catch tupu, yaani kipande cha kunasa makosa kisichofanya kitu.

Hilo silo linalopoteza stakabadhi, maana data ni ile ile. Ila limenifundisha nisiuamini mstari wowote wa faili hili. Nimeliondoa: sasa ni amri moja tu ya kuingiza-au-kubadilisha. MySQL ina ON DUPLICATE KEY UPDATE, PostgreSQL ina ON CONFLICT tangu toleo 9.5, SQLite tangu 3.24 (hizo ndizo hifadhidata tatu tunazozihudumia). Anayetumia matoleo ya nyuma ya hapo abaki na toleo letu la zamani.

Juma la 1, Ijumaa

Nimelikamata. Nimelikamata kwenye kompyuta yangu mwenyewe, mara kumi kati ya kumi.

Ukurasa wa karani wa Arua una kengele juu kulia: kila sekunde tano kivinjari kinauliza seva kimyakimya kama kuna mikopo inayosubiri. Jedwali lao la mikopo limekua, kwa hiyo swali hilo linachukua sekunde mbili hadi tatu. Sasa tazama mpangilio. Kengele inafika, inasoma sesheni yote: kapu lina stakabadhi nane. Inaanza kuhesabu mikopo polepole. Karani anabonyeza "ongeza". Ombi lake linasoma kapu la nane, linaongeza ya tisa, linaandika, linamaliza haraka. Kisha kengele inamaliza, na kwa sababu PHP huandika sesheni nzima mwishoni mwa ombi, inarudisha kapu lake la nane juu ya la tisa. Stakabadhi ya tisa imekwenda. Hakuna kosa lililoandikwa popote, kwa sababu kwa mtazamo wa hifadhidata hakuna kosa.

Nimeandika jaribio linalozindua michakato miwili, mmoja unalala sekunde mbili katikati. Linashindwa kila mara, na sijawahi kufurahia jaribio linaloshindwa kama leo.

Kinachoniuma ni hiki. Sesheni za faili za PHP hazina tatizo hili, kwa sababu zinafunga faili kwa kufuli tangu kusoma hadi kuandika; ombi la pili husubiri nje. Sisi tulipohamia hifadhidata tulibeba kusoma na kuandika, kufuli tukaliacha njiani. Hakuna aliyelalamika kwa sababu watu wengi kwenye sesheni wanaweka jina la mtumiaji na lugha basi, na vitu hivyo havibadiliki.

Juma la 2, Jumanne

Ubishi wa saa mbili kwa simu na mwenzangu wa Mbale, bando langu limekwisha katikati.

Yeye anasema: "Ndugu yangu, huna haja ya kufuli. PHP 7 inaweza kulinganisha data ya mwanzo na ya mwisho. Kama haikubadilika, haiandiki, inasogeza muda tu. Kengele haibadilishi kitu, basi haitaandika, na mambo yamekwisha." Ni kweli. Sifa hiyo ipo, imewashwa bila kuombwa, na msimbo wetu wa zamani haukuitumia kwa sababu haukuwa na updateTimestamp, sehemu ya kusogeza muda tu. Nimeiongeza kwa dakika ishirini.

Jaribio langu likapita. Mwenzangu akacheka. Kisha nikajaribu na msimbo halisi wa Arua, stakabadhi zikapotea vilevile! Kengele yao inaandika ndani ya sesheni saa ya mwisho ilipolia. Data inabadilika kila sekunde tano.

Hata bila kengele, karani akifungua vichupo viwili vya kivinjari kimoja, vyote vinaandika. Kulinganisha kunapunguza ajali, hakuizuii. Mwenzangu amekubali kufuli liwe la kawaida, kwa sharti kwamba asiyelitaka aweze kulizima kwa mpangilio mmoja. Nimekubali sharti.

Juma la 2, Alhamisi

Umeme umekatika saa tatu asubuhi, umerudi saa kumi. Nimefanya kazi kwa betri mpaka saa tano, kisha nikaenda kwa muuza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) wa chini ya mti, yeye ana sola na ni mkarimu. Chapati mbili, mayai mawili, asilimia arobaini ya betri.

Kufuli la MySQL: kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufungua muamala (fungu la amri zinazokubaliwa au kutenguliwa pamoja) na kushika mstari kwa FOR UPDATE hadi mwisho wa ombi. Nimeikataa. Msimbo wa mtumiaji ukitengua muamala wake kwa sababu zake, unaitengua na sesheni. Ya pili ni GET_LOCK, kufuli lenye jina, lisilohusiana na muamala wowote. Hilo ndilo.

Mtego wa kwanza: majina ya makufuli haya ni ya seva nzima, si ya hifadhidata moja. Mifumo miwili kwenye seva moja inaweza kugombania jina. Basi nikaweka kiambishi mbele ya jina. Mtego wa pili ukaningoja hapo hapo: tangu MySQL 5.7 jina la kufuli lisizidi herufi 64, na jina letu ni heshi ya SHA-256, alama inayokokotolewa kutoka namba ya sesheni, ambayo ikiandikwa kwa tarakimu za heksadesimali ni herufi 64 kamili. Ukiongeza kiambishi, hata herufi moja, amri inakataa. Nimekata heshi ibaki herufi 40. Kwa kazi hii zinatosha na kubaki.

Mtego wa tatu sijauona kwa macho, nimeusoma: kufuli hujiachia lenyewe muunganisho ukifungwa, lakini anayetumia miunganisho ya kudumu hafungi muunganisho. Kwa hiyo tunaliachia sisi wenyewe kwenye kufunga, na maktaba inakataa kuanza ikipewa muunganisho wa kudumu.

Na ombi likisubiri kufuli sekunde kumi na tano bila kulipata? Msimbo mwingi niliousoma wa watu wengine unaendelea tu bila kufuli. Sisi tunatoa kosa. Karani akiona kosa atarudia. Akipoteza stakabadhi hatajua.

Juma la 2, Jumamosi

PostgreSQL, kwa ufupi. Kufuli lake la ushauri linataka namba ya biti 64, nimechukua baiti nane za mwanzo za heshi. Safuwima ya data ilikuwa maandishi. Haifai, kwa sababu PHP ikihifadhi kitu chenye sifa za faragha inaweka baiti za sifuri ndani, na maandishi ya PostgreSQL hayazikubali. Nimebadilisha kuwa bytea, safuwima ya baiti ghafi, kisha nikapoteza saa moja nikijiuliza kwa nini sesheni imekuwa tupu: PDO, kiungo cha PHP na hifadhidata, hurudisha bytea kama mkondo, si kama maandishi. Ukiusoma mkondo hadi mwisho, mambo sawa.

SQLite haina makufuli yenye majina. Itabidi kufunga faili zima kwa BEGIN IMMEDIATE, na faili la sesheni liwe peke yake. Kesho.

Juma la 3, Jumatatu

Dada wa Arua amenipa nakala ya muundo wa jedwali lake, bila data. Nikamuuliza lina mistari mingapi. Zaidi ya laki nne. SACCO ina wafanyakazi saba.

Ufagiaji haujawahi kufanyika hata mara moja. PHP ikiachwa ilivyo hufagia kwa bahati nasibu, ombi moja kati ya mia. Lakini vifurushi vya PHP vya Debian na Ubuntu vimeweka bahati hiyo kuwa sifuri, kwa sababu wao wana kazi ya pembeni inayofagia mafaili mara mbili kila saa. Mafaili! Jedwali letu hakuna anayelijua. Nadhani nusu ya watumiaji wetu wako hivyo na hawana habari.

Sasa maktaba ina amri yake ya kufagia, unaiweka kwenye cron, ratiba ya seva ya kuendesha kazi zenyewe. Inafuta mistari elfu moja kwa mkupuo na kupumua kidogo, badala ya kufuta laki nne kwa pigo moja na kuwafungia watu wote nje. DELETE yenye LIMIT inakubalika MySQL. PostgreSQL haina, huko unapita kwa swali la ndani.

Hapo hapo nimegundua kitu kingine cha aibu. Muda wa kwisha ulikuwa unaandikwa na PHP kwa saa ya Kampala na kulinganishwa na saa ya seva ya hifadhidata, ambayo iko UTC. Tofauti ni saa tatu. Sesheni iliyopaswa kufa baada ya dakika 24 ilikuwa inaishi saa tatu na dakika 24. Karani akienda chakula cha mchana, kompyuta ya kaunta iko wazi hadi jioni. Sasa tunahifadhi sekunde tangu 1970 katika namba ya BIGINT, hakuna majira ya saa wala hofu ya 2038, mwaka ambao namba za biti 32 zitajaa.

Juma la 3, Jumatano

Nimeondoa ukaguzi wa anwani ya IP. Najua kuna watakaolalamika. Msimbo wa zamani ulikuwa unaitupa sesheni kila anwani ilipobadilika, eti ni mwizi. Hapa kwetu watu wengi wako kwenye data ya simu, ambako anwani moja hushirikiwa na umati na yako inaweza kubadilika ukihamia modemu nyingine au ukiwasha data ya simu waya ukikatika. Dada wa Arua alikuwa anaingia upya mara nne, mara tano kwa siku, na alidhani ndivyo kompyuta zilivyo. Ulinzi wa kweli uko kwenye kidakuzi chenyewe: HttpOnly, Secure, SameSite (masharti yanayozuia kidakuzi kusomwa na hati za ukurasa, kupita njia isiyosimbwa, au kutumwa kwa ombi la tovuti nyingine), na namba mpya kila mtu anapoingia.

Namba mpya nayo ina shida yake. Ukiifuta ya zamani papo hapo na jibu lenye namba mpya likapotelea njiani kwa mtandao mbovu, mtu anarudi na namba iliyokufa. Mwongozo wa PHP wenyewe unaonya hivyo. Tunaiacha ya zamani hai sekunde 60 ikielekeza kwenye mpya, kisha inazimwa.

Pia namba haihifadhiwi tena ilivyo, tunahifadhi heshi yake. Aliyeiba nakala ya akiba ya hifadhidata asiweze kuingia kwa jina la mweka hazina. Gharama: siku ya kupanda toleo, kila mtu atatolewa nje mara moja.

Juma la 3, Ijumaa

Arua wamejaribu kwenye seva ya majaribio. Jibu: "Kaka, hazipotei tena, lakini mfumo umekuwa mzito kama gari la mawe."

Bila shaka. Kengele inashika kufuli sekunde tatu kila sekunde tano, na kila anachobonyeza karani kinapanga foleni nyuma yake. Kufuli halikuleta uzito, lilifanya uzito uliokuwepo uonekane, lakini ukimwambia hivyo mtu mwenye foleni ya wanachama mbele ya dirisha lake atakukatia simu, na atakuwa na haki.

Nimemwandikia mabadiliko mawili kwa upande wake. Saa ya kengele ihamie kwenye jedwali lake lenyewe. Na ukurasa wa kengele ufungue sesheni kwa read_and_close, ambayo PHP 7.0 na kuendelea inayo: inasoma, inafunga mara moja, haishikilii chochote. Msimbo wetu ilibidi uhakikishe kufuli linaachiwa hapo hapo. Toleo langu la kwanza lilikuwa linaliachia mwishoni mwa ombi, jaribio likanifichua. Jioni ameandika tu: "Sasa inakimbia."

Juma la 4, Jumanne

Tawi langu la msimbo limeunganishwa na mradi mkuu. Mistari 214 imekuwa 390, na majaribio 61. SQLite imekamilika, polepole lakini salama.

Nilidhani nimemaliza, kumbe dada ana swali lililobaki: "Na zile zilizopotea kabla?" Nilianza kuandika kwamba haziwezi kupatikana, zilifunikwa. Halafu nikakumbuka. Seva yake ni MySQL 8.0, na huko kumbukumbu ya mabadiliko, ile binlog, imewashwa bila kuombwa, hutunza siku 30, na kwa kila mstari uliobadilika inaandika ulivyokuwa na ulivyokuwa baada ya hapo. Makapu yote ya mwezi yamo humo.

Juma la 4, Alhamisi

Nimemwandikia programu ndogo. Yeye ndiye anayeiendesha kwenye seva yake, mimi sina kazi ya kuona akiba za watu. Inapitia matoleo ya kila sesheni kwa mpangilio, inayafungua kwa session_decode, na kila mahali ambapo kapu limepungua bila mweka hazina kuthibitisha, inaandika kilichotoweka.

Amepata 23. Ameketi na vishina vya vitabu vya stakabadhi tangu asubuhi, akilinganisha moja moja, na kufikia saa kumi na moja jioni 19 zilikuwa zimelingana kwa jina, tarehe na kiasi. Nne bado. Anadhani vishina vyake viko kwa mweka hazina aliyesafiri Pakwach kwenye msiba, atarudi Jumatatu.